Kidole Kilichowafaulisha Arobaini na Saba

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Bi Muhuri wa masijala atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia halmashauri yetu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Nusu saa baadaye tutakutana ukumbini kumuaga. Kamati ya sherehe inaomba kila mtu afike kwa wakati, na kwa kuwa tangazo hilo limetumwa kwa barua pepe, tafadhali mwambie na jirani yako.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi wa mapokezi kwa sababu, kama ilivyosema kamati, nina cheti cha ujuzi wa kidijitali. Ni kweli ninacho. Nilipata alama themanini na tatu. Ukisoma mpaka mwisho utajua nilizipataje, na wewe mwenzangu utakumbuka ulizipataje zako.

Bi Muhuri aliajiriwa hapa kama tarishi, enzi ambazo barua kutoka ghorofa ya chini kwenda ya juu ilichukua siku mbili, na hapo tarishi awe mzima wa afya. Alipanda ngazi zile na mafaili kifuani mpaka akajua kila ofisa anavyopenda kugongewa mlango. Baadaye alijifunza taipureta, akawa mpiga chapa kwa miaka tisa, kisha akahamishiwa masijala. Hajatoka humo tangu siku hiyo, ukiacha likizo mbili za uzazi na msiba mmoja, wa mumewe.

Jina la Bi Muhuri alipewa na mkuu mmoja wa zamani ambaye siku moja, wakati wa chakula cha mchana, alihitaji kugonga muhuri kwenye barua ya haraka. Alipekua masijala nzima, akafungua mpaka kopo la sukari. Muhuri ulikuwa umeenda kula na mwenyewe, ukiwa mfukoni mwa gauni. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuugusa. Nikiwa mapokezi namsikia akigonga: mara mbili kwenye kidau cha wino, mara moja kwenye karatasi. Asubuhi akigonga kwa nguvu, wageni wa masijala huwa nawashauri warudi mchana.

Mafanikio yake ni mengi, ila hili la faili la mfereji wa soko haliwezi kuachwa. Faili lile lilipotea miaka kumi na mmoja. Maofisa watatu waliandika barua za kujieleza, na mmoja akahamishwa. Bi Muhuri alilipata katika wiki yake ya kwanza masijala. Lilikuwa chini ya mguu mfupi wa meza ya ofisa mipango miji, limekunjwa mara mbili vizuri kabisa, na meza ilikuwa imetulia tuli. Alilichomoa pale pale, mwenye meza akiwa anaandika. Meza iliyumba miaka mingi baada ya hapo, na mpaka leo ofisa huyo na Bi Muhuri wanasalimiana kwa sababu tu korido ni nyembamba.

Sasa tuje kwenye jambo lililoipa halmashauri yetu kombe.

Miaka minne iliyopita uliletwa waraka kwamba watumishi wote wa serikali za mitaa wajengewe ujuzi wa kidijitali. Ulikuja kwa barua pepe. Katibu muhtasi aliuchapisha, Bi Muhuri akaugonga muhuri wa kupokelewa, akautia kwenye faili, akaupandisha kwa Mkuu. Mkuu wetu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba tunahama rasmi kutoka kwenye karatasi, akaagiza zitolewe nakala arobaini na nane ili kila mtu ajue.

Nakala zilikuwa arobaini na nane, lakini viti ukumbini viliwekwa arobaini na saba. Waraka ulikuwa na kifungu kwamba aliyebakiza chini ya miaka mitano kustaafu asipewe mafunzo, ujuzi usije ukapotea bure. Bi Muhuri alikuwa amebakiza minne. Mkuu alimwita, akampa pole kwa sauti ya mtu anayetoa habari za hospitali, kisha akampa jukumu: akae mlangoni na daftari la mahudhurio, asainishe watu wanaoingia na wanaotoka.

Mkufunzi alikuwa kijana mwenye tai na maneno mengi. Siku ya kwanza alitueleza historia ya kompyuta tangu ilipokuwa na ukubwa wa chumba. Siku ya pili umeme ulikatika, akachora kibodi kwenye karatasi kubwa ubaoni, tukawa tunapanga foleni kwenda kubonyeza karatasi. Bwana Afya alibonyeza kwa bidii mpaka ubao ukamwangukia. Siku ya tatu tuligawiwa nakala za kibodi hiyo ya karatasi tukafanye mazoezi nyumbani. Siku ya nne umeme ulirudi, lakini wengi walikuwa wameenda kushughulikia mambo yao mjini, maana jina likishaandikwa kwenye daftari la mahudhurio siku imehesabiwa. Siku ya tano tulipiga picha.

Picha ile iko ukutani pale mapokezi, nyuma ya kichwa changu. Wahitimu arobaini na saba wamesimama kwenye ngazi, vyeti vya kuhudhuria vifuani, nyuso zimekunjwa kwa jua. Bi Muhuri hayumo kwa sababu yeye ndiye aliyeipiga. Ukiitazama vizuri kona ya chini, mkono wa kulia, utaona kitu chekundu kama wingu dogo. Hicho ni kidole chake.

Tuliyafunga mafunzo tukidhani yamekwisha. Wiki iliyofuata tukaambiwa kuna mtihani, na mtihani unafanyika kwenye mfumo, kila mtu peke yake, mwisho Ijumaa. Jumatatu hiyo ukumbi ulikuwa kama nyumba yenye msiba. Ndipo ilipogundulika kwamba katika siku zile tano kuna mtu mmoja tu aliyekaa ndani ya chumba kile bila kutoka, aliyesikiliza kila neno na kuliandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Alikuwa mlangoni. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa anaifunua ile kompyuta ya masijala iliyokuwa imefunikwa kitambaa cha kushonwa, anajaribu kila alichosikia, halafu anaifunika tena.

Wa kwanza kushuka masijala alikuwa mhasibu, akiomba aelekezwe tu namna ya kuingia. Akaingizwa. Alipoona swali la kwanza akaomba aelekezwe tu namna ya kutoka. Bi Muhuri alimtazama, akavuta kiti, akamfanyia. Kufikia Ijumaa saa sita mchana alikuwa amefanya mitihani arobaini na saba, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, huku kidole cha pili kikiwa tayari kwenye muhuri endapo atakuja mteja.

Wenzangu mnaofikiri alama zilitolewa ovyo mnamkosea heshima. Angeweza kutupa wote mia kwa mia. Alisema huo ungekuwa uongo. Alichofanya ni kukosea makusudi, kwa kila mtu kiasi anachostahili kwa anavyomjua. Mhasibu alipata tisini na sita kwa sababu anarudisha mafaili yakiwa na kurasa zote. Bwana Afya alipata themanini na tisa, na angevuka tisini kama asingekuwa na tabia ya kuweka kikombe cha chai juu ya majalada. Mimi nilipata themanini na tatu. Nilipomuuliza, aliniambia nina heshima na nambebea mafaili, lakini Jumatatu nachelewa. Mkuu alipata sabini na nane. Kikaoni alitutangazia kwamba mtihani ulikuwa mgumu lakini wa haki.

Ofisa mipango miji alipata sitini na moja. Hakukubali. Aliandika barua ya malalamiko ya kurasa mbili kwa mkono, akidai kwamba kwenye sehemu ya majedwali ameonewa kwa kuwa anajijua ni hodari wa majedwali. Barua ilikuwa inaenda kwa bodi ya mitihani, na kila barua inayotoka hapa hupita masijala. Bi Muhuri aliipokea, akaigonga muhuri, akaipa namba, akaitia kwenye faili. Baada ya wiki mbili ofisa alipata jibu fupi, lisilo na sahihi, la kumshauri ajisomee zaidi. Alinunua kitabu. Anacho mpaka sasa, kiko chini ya ule mguu mfupi wa meza.

Halmashauri ambayo watumishi wake wote wamefaulu ilikuwa moja tu, ya kwetu, na kombe tukapewa. Mkuu alisafiri kulipokea, akatoa hotuba kuhusu uongozi wenye maono, akiisoma kwenye karatasi. Aliporudi tulimpokea kwa vifijo na kombe likawekwa kwenye kabati la kioo karibu na meza yangu. Siku hiyo Bi Muhuri alibaki masijala, maana sherehe ilikuwa ya wahitimu na lazima mtu mmoja alinde ofisi.

Kwa kuwa sasa tulikuwa wataalamu, mfumo wa kazi za ofisi nao ukaletwa. Mfumo una masharti: kila mtumishi awe na neno lake la siri, na kila baada ya siku tisini alibadilishe. Wataalamu tulibadilisha mara moja, tukasahau wote. Kuanzia robo ya pili maneno yote ya siri ya halmashauri hii yalikuwa kwenye daftari moja la jalada gumu la buluu, ndani ya kabati la masijala, na ufunguo ulikuwa mfukoni pamoja na muhuri. Bi Muhuri ndiye aliyetuchagulia. La Bwana Afya lilikuwa JaladaSiyoMeza1. La Mkuu lilikuwa RudishaKalamuYangu7. Nayataja bila wasiwasi kwa sababu hayafanyi kazi tena, kama tutakavyoona.

Na hapa lazima niseme jambo bila utani. Kibali cha ujenzi kilichokuwa kinachukua miezi kilianza kutoka kwa wiki mbili. Mama mwenye genge aliyekuwa anakuja mapokezi kila Jumanne kuulizia leseni yake aliipata, akaacha kuja, na mimi nikamkosa. Watu wa nje walisema halmashauri imebadilika. Ilikuwa imebadilika kweli, lakini kuanzia kwenye dirisha la masijala mpaka kwenye kiti cha masijala, basi.

Tufike kwenye sahihi nyekundu, ambayo wengi mmeiona na hamkuthubutu kuuliza.

Mfumo ulipoanza, nyaraka zote za kuidhinishwa zilihamia kwenye kompyuta ya Mkuu. Fundi alimwelekeza kwa simu kwamba waraka ukifunguka auidhinishe hapo hapo kwenye skrini. Mkuu ni mtu wa vitendo. Alifungua waraka wa kwanza, akachukua kalamu nene nyekundu, ile isiyofutika, akatia sahihi yake kamili kwenye kioo, akaongeza na tarehe. Kisha akampigia fundi kumwambia kazi imekwisha. Mfanya usafi alipotaka kuifuta alikatazwa, kwani ile ni sahihi ya ofisi.

Kuanzia siku hiyo kila waraka uliofunguliwa kwenye kioo kile ulionekana umeshatiwa sahihi. Mkuu alikuwa anafungua, anauona umelala vizuri chini ya sahihi yake, anaridhika, anafunga. Na jambo lenyewe lilikuwa linafanyika: likizo zilitoka, vibali vilitoka, vifaa viliagizwa. Sasa mtu gani angemwambia kwamba njia yake si sahihi, wakati matokeo anayaona? Kule chini, kila alasiri, Bi Muhuri alikuwa anafungua daftari la buluu, anaingia kwa RudishaKalamuYangu7, anasoma kila waraka mpaka mwisho, na kubonyeza.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa miaka mitatu, kwa amani, mpaka ulipofika waraka wa kustaafu kwa Bi Muhuri mwenyewe.

Inabidi nieleze kwa nini waraka huo ulikuwa wa kufa na kupona. Bi Muhuri amejiandikisha chuo cha ufundi, kile kilicho nyuma ya posta, kusomea utunzaji wa kumbukumbu kwa kompyuta. Masomo ni ya mchana, miezi sita, mwisho kuna mtihani na cheti. Wanawe wawili walitaka apumzike alee wajukuu. Aliwajibu kwamba wajukuu hawatoi vyeti. Chuo kinaanza Jumatatu ya tarehe 3, na siku hiyo mwanafunzi aliyekuwa kazini lazima awe na barua ya mfumo inayoonyesha amestaafu. Muhula mwingine ni mwakani, na chuo hakipokei mtu aliyetimiza miaka sitini na moja. Mwakani atakuwa ametimiza. Kwa maneno mengine, asipoingia sasa, anaachwa mlangoni kwa mara ya pili, na hakuna ya tatu.

Mfumo nao una sharti lake: ombi la kustaafu liidhinishwe na Mkuu kabla ya saa kumi kamili, siku saba kabla ya tarehe yenyewe. Likichelewa, mtumishi anahesabiwa kuwa bado yupo kazini na ombi linasubiri robo ijayo.

Bi Muhuri alituma ombi lake mapema. Mkuu alilifungua, akaliona chini ya sahihi nyekundu, akafunga. Bi Muhuri alimwuliza mara tatu katika wiki mbili, na mara zote tatu Mkuu alimjibu kwamba ameshaidhinisha, mama aondoe wasiwasi.

Tulimsihi abonyeze mwenyewe. Mhasibu alimsihi, Bwana Afya alimsihi, mimi nilikaribia kupiga magoti. Neno la siri la Mkuu alikuwa nalo, kidole alikuwa nacho. Alifunga daftari la buluu akasema, "Nimembonyezea kila mtu humu ndani, mwanangu. Hili langu atalibonyeza mwenye nalo."

Jumanne ya tarehe 20 alifanya jambo lililotutisha zaidi. Alituita masijala mmoja mmoja, kuanzia Mkuu mpaka mlinzi, akamkalisha kila mtu kwenye kiti chake, akamfanya abadilishe neno lake la siri kwa mkono wake mwenyewe, yeye akiwa ameangalia dirishani. Kazi hiyo ilichukua siku mbili nzima. Ofisa mipango miji alisahau la kwake kabla hajafika kwenye ngazi, ikabidi arudi mwisho wa foleni. Tulipomaliza, Bi Muhuri alichana kurasa za daftari na kumkabidhi kila mtu kipande chake cha zamani awe nacho kama ukumbusho. Mimi changu kinasema AmkaMapemaJumatatu3.

Ijumaa ya tarehe 23, saa tisa na dakika ishirini, alipita mapokezi akiwa na pamba na chupa ya spiriti aliyoiazima kwa Bwana Afya. Aliniambia nifunge dirisha nimfuate, anahitaji shahidi. Tulimkuta Mkuu amefungua kompyuta yake, akiitazama kwa utulivu mkubwa. Bi Muhuri alimwomba radhi, akazunguka meza, akalowesha pamba, akaanza kufuta kioo. Alifuta tarehe kwanza, kisha sahihi, taratibu, mpaka kioo kikawa cheupe na pamba ikawa nyekundu. Chini yake ombi lilikuwa wazi, na juu ya ombi palikuwa na maneno: halijaidhinishwa.

"Mama, umefuta sahihi yangu," Mkuu alisema.

"Ilikuwa kwenye kioo, mkuu. Ndani haijawahi kufika hata siku moja."

Mkuu alikigusa kioo pale ilipokuwa sahihi. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu mambo yote aliyoyaidhinisha kwa miaka mitatu. Bi Muhuri alimjibu kwamba yaliidhinishwa. Mkuu alimtazama usoni, kisha akakitazama kidole chake, nami nikatazama dari.

Yaliyofuata ningependa kuyasahau. Mfumo ulimtaka Mkuu aingize neno lake jipya la siri. Hakulikumbuka. Alikuwa ameliandika kwenye karatasi, akampa katibu muhtasi alihifadhi, naye kwa uangalifu wake wote alikuwa amelifungulia faili la siri na kulipeleka masijala. Bi Muhuri alisema faili la siri halitoki bila mwombaji kujaza fomu na kusaini mwenyewe daftari la kuazima. Hakuwa anatania, kanuni hiyo iko ukutani, na imesainiwa na Mkuu. Basi Mkuu wetu, Bi Muhuri akimfuata na ufunguo, alishuka ghorofa mbili mbio, tai imeruka begani, akajaza fomu, akasaini, akapanda tena mbio. Ukiacha ile Jumanne, ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia masijala kwa shughuli ya ofisi, na aliporudi alisema siku ile hakuona kwamba mle ndani kuna joto vile.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili aliandika neno la siri. Likakataa. Akaandika tena, likakataa, kwa sababu herufi zote zilikuwa kubwa. Mara ya tatu ikikosea mfumo unafunga mpaka kesho yake, na kesho yake ilikuwa Jumamosi. Bi Muhuri aliweka mikono yake nyuma, akaishika kwa nguvu. Mkuu alizima herufi kubwa, akabonyeza herufi moja moja huku akiitaja. Mfumo ukafunguka.

Kulikuwa na vitufe viwili, kijani na chekundu. Mkuu amesaini kwa rangi nyekundu maisha yake yote ya kazi. Kishale kikaanza kwenda kwenye chekundu, kilichoandikwa kataa. Nilifumba macho.

"Soma kwanza, mkuu," Bi Muhuri alisema. "Ukishasoma ndiyo ubonyeze."

Mkuu alisoma. Kwa kuwa hajazoea kusoma kwenye kioo, alisoma kwa sauti. Alisoma majina matatu ya Bi Muhuri, na nina aibu kusema kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia yote. Alisoma mwaka wa kuajiriwa. Alisoma idadi ya miaka, akaisoma tena. Akafika kwenye mstari wa mafunzo aliyopewa mtumishi. Hakuna. Akafika kwenye vyeti vya ujuzi. Hakuna. Hapo alirudi akaisoma mistari hiyo miwili upya, na mimi nilikuwa nahesabu saa ya ukutani kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Kisha akapeleka kishale kwenye kijani na kubonyeza. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na nane.

Bi Muhuri alitoa daftari dogo mfukoni, akaandika saa, akashukuru, akashuka kwenda kumalizia barua za siku hiyo. Nilipomfikia kwenye ngazi alikuwa amekaa kwenye kidato cha tatu, analia, chupa ya spiriti mapajani. Aliniambia nisiandike hilo. Nimeliandika, mama, unisamehe. Unaweza kunipunguzia alama.

Wenzangu, kwa hesabu yangu huyo ndiye mtumishi pekee wa halmashauri hii aliyewahi kujengewa ujuzi wa kidijitali kwa uhakika, nazungumzia Mkuu, na mafunzo yake yalichukua dakika thelathini na nane. Tangu siku hiyo hashikiki. Amekipenda kile kitufe cha kijani. Kufikia Jumanne alikuwa ameidhinisha likizo za watu tisa ambao wanne kati yao hawakuomba, na karatasi za chooni za kutosha miaka kumi na miwili. Juzi nilimtumia rasimu ya wasifu huu kwa idhini. Iliidhinishwa kwa sekunde nne. Nusu ya pili ya somo, ile ya kubonyeza, ameishika vizuri. Ile ya kusoma kwanza ilimwingia siku moja tu.

Nimeuandika mwenyewe, kwa vidole viwili, siku nne. Makosa yote ni yangu, na hiyo ni mara ya kwanza naweza kusema hivyo tangu nipate cheti. Kipo nyumbani, kimegeuzwa uso ukutani. Sijui wenzangu mtafanya nini na vya kwenu, lakini kuanzia tarehe 30 dirisha la masijala litakuwa na mtu mwingine, na mtu huyo hatatufanyia mtihani.

Bi Muhuri, asante kwa mafaili uliyoyapata na kwa mengine uliyotuficha kwa faida yetu. Asante kwa mama mwenye genge. Asante kwa themanini na tatu, ingawa sasa najua zilikuwa nyingi mno. Tunakuombea afya, tunakuombea usingizi wa mchana siku zisizo na vipindi, na wanafunzi wenzako wasijue mapema unachokijua, la sivyo watapanga foleni.

Jina lako kamili sikuliandika hapa kwa sababu uliniomba, ukasema unataka lionekane kwanza kwenye cheti. Basi Jumatatu nenda ukakae kiti cha mbele, mbali na mlango. Na siku ya mtihani, pale juu wanapouliza jina la mtahiniwa, safari hii andika la kwako.